Maji ya Mei niliyoyaahidi Septemba

Kila siku saa 3 asubuhi nashuka mtoni kusoma ubao, na saa 10 jioni nashuka tena. Huu ni mwaka wa 11. Ubao wenyewe ni kipande kirefu cha chuma kilichopakwa rangi nyeupe na kuchorwa sentimita kama rula ya mwanafunzi. Umesimikwa kwenye zege kando ya maji, chini kidogo ya daraja. Naandika namba kwenye daftari, na chini yake naandika mvua niliyoipima nyumbani. Mwisho wa mwezi daftari linachukuliwa, mimi napewa posho ambayo mke wangu anaiita pesa ya chumvi. Watoto wa njiani walinibatiza Mzee Sentimita nikiwa sijafika hata miaka 40.

Mto ni mmoja wa ile inayoshuka mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Sitautaja, maana ugomvi wa maji kwetu hauzeeki, na baadhi ya wagomvi tunasali nao kanisa moja. Unaingia Kikuletwa, ambao unakusanya maji ya upande wetu na ya Mlima Meru. Ruvu nao unaleta ya mashariki ya Kilimanjaro, ya Pare Kaskazini na ya Ziwa Jipe. Wote wawili wanamwaga kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachotoka pale ndicho Mto Pangani wenyewe, unaopita kwenye mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls hadi Bahari ya Hindi. Haya yote nilisoma shuleni nikayasahau. Nilipoanza kazi ya ubao, kwa akili yangu mto ulikuwa unaishia pale shamba la mwisho la mfereji wetu linapoishia.

Shida haikuanzia kwenye ubao. Msoma ubao haulizwi kitu, anaandika tu. Ila mwaka wa tatu nilichaguliwa pia kuwa katibu wa jumuiya yetu ya watumiaji maji, na katibu huulizwa swali moja ambalo ubao haujibu: mwaka huu tulime kiasi gani?

Mtu asiyekaa huku anaweza asielewe uzito wa swali hilo. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Juni na Julai ni baridi, mawingu yamelala juu ya msitu, huko juu vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani ya mlimani, manyunyu yanashuka huku sisi wa tambarare tumeshaanza kula vumbi. Agosti mpaka Oktoba ndicho kiangazi chenyewe. Vuli tunaitazamia kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba, ikiamua kuja. Kwa hiyo anayepanda nyanya au vitunguu Juni anakopa maji ya Septemba, na Septemba mto umekonda. Uamuzi unafanyika wakati maji ni mengi, deni linalipwa wakati hayapo. Ukikosea Juni, huwezi kusahihisha Septemba kwa sala wala kwa majembe, ingawa vyote viwili vimeshajaribiwa.

Mwaka ninaousema, mvua ya Aprili ilishuka kwa ghadhabu. Kuna usiku nilitoka na tochi kumwaga kipimo cha mvua kabla ya muda wake kwa kuogopa kingefurika. Mto ulibeba magogo, ukabeba kalavati, ukabeba mbuzi wa jirani akiwa bado na kamba shingoni. Siku mbili ubao haukuonekana kabisa. Kwenye daftari niliandika "ubao umezama", na nakumbuka niliandika kwa furaha, kama mtu anayeandika akiba yake benki.

Mwishoni mwa Mei tukakaa mkutano wa kupanga eneo. Nilisimama na daftari nikasoma namba za mwezi huo, kisha nikasoma za miaka miwili ya nyuma ili watu walinganishe wenyewe. Hazikukaribiana hata kidogo. Nikasema, na maneno haya nimekuja kukumbushwa mara nyingi: "Mwaka huu maji ni ya kumwaga." Watu wakapiga makofi. Tukakubaliana kuongeza eneo la nyanya karibu mara mbili. Tukaruhusu hata mashamba ya mwisho wa mfereji, ambayo kwa kawaida hulimwa maharage ya masika tu na kuachwa.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye sote tulimwita Meku, kama tunavyowaita wazee wa umri wake. Alikuwa amesimamia mfongo wa juu, yaani mfereji wa jadi, ule wa vihambani, tangu mimi nikiwa mtoto wa kufuata mbuzi. Mifongo ile ilichimbwa na mababu kwa vijiti na majembe, ikifuata mgongo wa kilima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba mgeni akiitazama anaapa maji yanapanda juu. Meku akaomba kuuliza.

"Katibu, mvua ilinyesha siku ngapi?"

Nikamtajia milimita za Aprili na za Mei.

"Mwanangu, sijauliza nyingi kiasi gani. Nimeuliza siku ngapi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena nikamwambia tutazihesabu, tukaingia ajenda inayofuata.

Katikati ya Julai namba zilianza kushuka kwa kasi ambayo sikuielewa. Nilifikiri ni sisi tunachota kupita kiasi, nikapunguza zamu za usiku. Agosti mgawa maji akaniambia kwamba akifungua kigawa maji cha tatu, cha nne hakipati hata ya kunawa uso. Septemba ekari za mwisho zilikauka kabisa. Nyanya zilikuwa na maua. Nadhani hilo ndilo lililouma zaidi: zingekufa zikiwa miche mtu angepata hasara ya mbegu tu, lakini hizi zilikufa zikiwa zimeshakunywa dawa, mbolea na miezi miwili ya mgongo wa mtu.

Usiku wa kwanza banio, kizuizi kinachoingiza maji mferejini, lilibomolewa. Usiku wa pili wa upande wa juu wakalinda kwa mapanga. Usiku wa tatu alikuja mtendaji wa kijiji na mgambo, na tukaaibika mbele ya watu wa vijiji vingine.

Kulikuwa na mama mmoja, shamba lake lilikuwa la pili kutoka mwisho. Alikuwa hajawahi kulima nyanya kiangazi. Alikopa VICOBA kwa sababu alinisikia mkutanoni. Hakunitukana. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akakubali chai, akaniuliza kwa upole: "Baba, ile ya kumwaga imemwagika wapi?" Sikuwa na jibu. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuwa nalo, na alipolipata lilikuwa halimsaidii tena kulipa marejesho.

Sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe. Nilikaa na kalamu nikahesabu siku, kama Meku alivyotaka. Sehemu kubwa ya mvua ya Aprili na Mei ilikuwa imeshuka katika siku 9. Siku nyingine zote zilikuwa kavu au na vitone vya kulowesha vumbi.

Mvua ya namna hiyo haikai. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, iwe imeshuka kwa dakika tano au kwa siku nzima. Tofauti ni ardhi inavyoipokea. Ikija taratibu inazama. Ikija yote kwa pamoja, udongo unafunga mdomo na maji yanateleza juu, yanachukua rutuba na mbuzi wa watu, na baada ya muda mfupi yako Nyumba ya Mungu. Yale mafuriko niliyoyasherehekea kama akiba yalikuwa maji yanayotuaga.

Mto wa Septemba hauna mvua hata tone. Unachokiona pale ni maji yaliyozama miezi ya nyuma, yakapita polepole kwenye nyufa za mawe ya volkano, yakatokea kwenye chemchemi. Ukitaka kuyaona kwa macho nenda Chemka, kule Rundugai, penye bwawa la samawati ambalo siku hizi watalii huruka ndani kwa kamba. Kuzunguka hapo ni ukame mtupu, miiba na vumbi, halafu katikati maji yanabubujika safi kama kioo. Chemchemi za aina hiyo ndizo zinazoushikilia Kikuletwa wakati wa kiangazi. Nilishaogelea pale mara nyingi nikiwa kijana, na sikuwahi kujiuliza maji yale yana umri gani.

Sehemu ya pili ya jibu ilinidhalilisha zaidi, kwa sababu ilihusu kazi yangu. Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu wa vipimo na kifaa chenye pangaboi dogo linalozunguka majini. Aliingia mtoni mpaka mapajani, akapima kina na kasi hatua kwa hatua, kutoka ukingo huu hadi ule. Kisha akaniita akanionyesha miguu yake. Alikuwa amesimama juu ya changarawe ambayo zamani haikuwepo.

"Mafuriko ya mwaka jana yameinua kitako cha mto," akasema. "Ubao wako unasema kimo cha maji. Wingi wa maji hausemi."

Nilijua kwamba kuna chati ya kugeuza sentimita kuwa lita kwa sekunde. Nilikuwa na nakala yake, niliikunja nikaiweka ndani ya daftari. Nisichokijua ni kwamba chati ile ilikuwa ya mto mwingine, mto uliokuwepo kabla ya Aprili. Kitako kikipanda, maji machache yanasimama pale pale kwenye ubao yaliposimama mengi. Kwa hiyo Mei ile nilisoma namba kubwa kwa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa uongo: kulikuwa na maji yanayopita tu, na chini yake kulikuwa na mawe.

Nikiyasimulia haya mjini, mtu hunikatiza na swali lile lile: theluji inaisha, mtakunywa nini? Simlaumu, hata mimi nililelewa na wimbo huo. Kibo kina mita 5,895 na barafu yake inapungua kweli. Mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita 12 za mraba, na kufikia mwaka 2000 zaidi ya robo tatu yake ilikuwa imekwenda. Ni hasara, na mimi nimeiona kwa macho nikiwa hapa hapa chini. Lakini mto wetu haukuwa unakula barafu. Kule kileleni hewa ni baridi na kavu, sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kupita kwenye maji. Mvua kubwa ya Kilimanjaro iko kwenye mshipi wa msitu, kuanzia juu ya vihamba. Hata siku isiyo na mvua, ukungu unapita kwenye miti yenye ndevu za kijani zinazoning'inia, na kila ndevu inadondosha. Kipimo cha mvua kilichowekwa mahali pa wazi hakiyaoni maji hayo.

Kuna milima mingine duniani ambako theluji ndiyo ghala. Magharibi ya Marekani wanapima theluji mlimani mwanzoni mwa Aprili na kutoka hapo wanakisia mto wa kiangazi utakuwaje. Ghala lao linaonekana, unaweza kulipima kwa mti na mzani. La kwetu limefukiwa ardhini, na mlango wake ni ule msitu. Moto ukipanda kule juu na kurudisha nyuma mpaka wa miti, kama ulivyofanya mara nyingi, mimi sioni kitu kwenye ubao wiki ile. Ndiyo sababu habari za theluji zinapigiwa picha na za msitu hazipigiwi, ingawa msitu tangu mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Tulikuwa pia na jambo dogo la nyumbani. Juu ya chemchemi moja inayotulisha, marehemu baba alipanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto, na mimi katibu nilikuwa nikiwasomea wenzangu kifungu hicho kwa sauti kubwa. Mikaratusi ile niliikata mwaka uliofuata ule wa nyanya. Ndugu zangu wawili walinuna mpaka Krismasi.

Miaka miwili baadaye tulipata masika ya aina nyingine. Hakuna daraja lililotikisika. Mvua ilikuwa ya mchana na ya usiku, ya kero, nguo hazikauki, kahawa inaoza kwenye kitanda cha kuanikia. Mwisho wa Mei ubao ulisoma chini sana kuliko Mei ya mwaka wa balaa. Watu walikuja mkutanoni wameshakata tamaa. Nikasoma siku badala ya milimita: 43. Wengi hawakuelewa, na walioelewa hawakuniamini, wakanikumbusha yale maneno ya kumwaga. Nilikuwa na haya ya kusimama imara, kwa hiyo tukapanga eneo dogo. Maji yalidumu hadi vuli, mengine tukayaangalia tu yakipita. Yule mama wa shamba la pili kutoka mwisho hakupanda mwaka huo. Nilimwona ameketi kwenye tuta la mfereji uliojaa, akiosha miguu.

Meku alikuwa ameshafariki. Ningependa aione.

Maji yale yaliyopita hayakupotea, na hili nilichelewa kulielewa. Mimi na wenzangu wa jumuiya nyingine tulipelekwa safari ya mafunzo hadi mji wa Pangani, mdomoni mwa mto. Pale maji ni mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, na kivuko kinavusha magari. Mkulima mmoja wa minazi akatuambia kwamba mto ukidhoofika, chumvi ya bahari inapanda nao juu, inafika mashambani. Alizungumza bila kujua sisi ni watu wa wapi. Mmoja wetu alipomwambia tunatoka Kilimanjaro, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Aa, kumbe ndiyo nyinyi."

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inalo hilo ndani yake: mahitaji ya watu ya msingi na ya mto wenyewe yanatengwa kwanza, kisha ndipo vinakuja vibali vya kutumia maji. Kibali chetu kimeandikwa kwa lita kwa sekunde na kina muhuri wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Nakiheshimu. Ila wenzangu kwa muda mrefu walikisoma kama hati ya kiwanja, kwamba lita zile ni zetu Septemba kama zilivyo zetu Mei, na kwamba zikipungua basi kuna mtu kaziiba huko juu. Mara nyingine kaziiba kweli. Mara nyingi zaidi hazipo.

Siku hizi mkutano wa kupanga eneo haukai Mei. Tumeusogeza hadi wiki ya tatu ya Juni, ingawa wauza miche wanalalamika. Sababu ni kwamba baada ya mvua kukatika, mto una kama wiki tatu za kujisafisha, maji ya juu juu yaishe, ndipo uone unavyoshuka. Hapo sitazami tena umesimama wapi, natazama unashuka sentimita ngapi kwa wiki. Ukishuka kwa pupa, chemchemi ni dhaifu, hata kama namba bado ni kubwa. Ukishuka kwa kusitasita, kuna kitu chini kinaushikilia. Nahesabu na siku za mvua, na siku kwangu ni ile iliyopita milimita 5. Chati haitumiki mpaka mtaalamu awe ameingia mtoni mwaka huo huo. Asipokuja, natangaza wazi kwamba sentimita zangu ni za kukisia. Halafu tunapanda kwa awamu: nusu ya eneo mara baada ya mkutano, nusu ya pili inaamuliwa baada ya Saba Saba. Mashamba ya mwisho wa mfereji yanaamuliwa ya mwisho, na mwenye shamba la mwisho lazima awepo.

Mwaka huu nilihesabu siku 27. Mto ulishuka kwa kusitasita wiki ya kwanza, wiki ya pili ukaanza pupa. Saba Saba ilipopita tukakubaliana nusu ya pili isipandwe, isipokuwa maharage kwa anayetaka kubahatisha. Yule mama alikuwepo, safari hii akiwa mjumbe wa kamati, na ndiye aliyeandika majina ya walionyosha mikono. Baada ya siku nne mgawa maji akanipigia simu saa 8 usiku: kuna mtu kafungua kigawa maji cha pili, na kuna miche ya nyanya mibichi upande ule. Nilivaa buti nikashuka na tochi. Alikuwa shemeji yangu. Faini ameshalipa, ila dada yangu bado hapokei simu yangu.